Karani Tuliyemzika Bofu

Siku ile Hamadi alikuwa juu ya paa la nyumba ya mama yake, mtaani kwetu Bofu, akipigilia bati lililong'olewa na upepo, nami niko chini nampitishia misumari. Tulikuwa likizoni sote wawili. Kambini yeye ni Luteni, mimi Sajenti. Namsimamia wima na kumwita afande. Mtaani mambo yaligeuka. Nilimzidi miaka kumi, na kila akinikuta sharti aseme, "Shikamoo, Kaka Bakari." Nami naitikia marahaba kwa sauti kubwa makusudi, ajue huku hakuna nyota za mabegani.

"Faidi tu," aliniambia kutoka juu. "Tukirudi nitakukomesha."

Jirani mmoja akapita, akamuuliza kazi yaendaje huko Nairobi. "Twashukuru Mungu," akajibu, akaendelea kugonga misumari.

Kwa watu wa mtaa, Hamadi alikuwa karani wa kampuni ya bima. Mama yake, Bi Mwanasha, ndiye aliyelitunga hilo, na alikuwa na sababu. Vijana kadhaa wa kwetu walikuwa wametoweka, wamevuka mpaka kwenda kupigana upande wa pili. Ukijulikana una mwanajeshi ndani, nyumbani hakulaliki. Hata mimi nilijulikana kama dereva wa malori. Sare zetu zilibaki kambini, na feri tuliivuka na kanzu zetu kama watu waendao harusini.

Jambo hilo lilinikera, nasema wazi. Kijana wa miaka ishirini na sita, amesoma, anaongoza watu, na mama yake hathubutu kutundika picha yake ukutani!

Mwezi haukwisha tukawa Somalia, tunasindikiza lori la maji. Hamadi alikuwa gari la mbele, mimi la pili, lori nyuma yetu. Asubuhi ilikuwa tulivu, na dereva wangu alikuwa akinung'unikia chai iliyokosa sukari.

Gari la mbele likakanyaga bomu.

Likainuka upande mmoja, likalala. Moshi ukafuka, kisha risasi zikaanza kutoka vichakani. Nilimwona Hamadi akitoka mzima, vumbi mwili mzima. Angeweza kujibanza nyuma ya gari. Lakini dereva wake alikuwa amebanwa ndani, akamrudia.

Akamtoa. Alipoinua mkono kutuonyesha tupige wapi, risasi ikampata kwapani, pale fulana ya kuzuia risasi isipofika.

Nilitambaa hadi alipo. Kule vichakani walikuwa wakiitana. "Weye, zunguka huku! Huku!" Kiswahili, tena cha kwetu kabisa.

Hamadi naye alisikia.

"Kaka Bakari," akasema, "hao si watoto wa kwetu?"

Nikamwambia asipoteze pumzi. Nikamlakinia shahada, nikiitamka sikioni mwake aifuate, akaitamka yote. Hakusema neno jingine.

Jeshi lilikuja Bofu na mpango wake: bendera juu ya sanduku, tarumbeta, risasi za heshima. Bi Mwanasha aliwasikiliza wale maofisa wawili mpaka mwisho, uso mkavu.

"Mwanangu mlimchukua mzima, mkamtumia mtakavyo," akasema. "Sasa nirudishieni. Sitaki bendera, sitaki bunduki. Alikufa kwa ajali ya gari."

"Mama, alikufa shujaa," afisa mmoja akasema.

"Shujaa wa nani, baba? Nyinyi jioni mtapanda magari yenu. Mimi nitabaki hapa na binti zangu." Akanigeukia. "Bakari, waambie. Mwanangu alikufa vipi?"

Wallahi, nilitaka kukataa. Nilitaka mtaa mzima ujue alivyomrudia mwenzake kwenye moshi ule. Lakini wale mabinti walikuwa wamesimama mlangoni wananitazama, na mdogo hata shule hajamaliza.

"Gari lilipinduka, mama," nikasema.

Sanduku likafunguliwa uani. Waoshaji walipomlaza ubavu wakaliona tundu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimimina maji, nikawaona walivyoliona. Hakuna aliyeuliza. Kwetu mwoshaji hasimulii alichokiona kwenye maiti. Ni amana, na ataulizwa siku ya kiama. Wakamvisha sanda, wakatoka. Watu walipowadadisi huko nje, wakajibu tu, "Mwombeeni dua."

Msikiti ulijaa mpaka barazani. Watu walipokezana jeneza wakimlilia karani. Wale maofisa walisimama safu ya nyuma na kanzu mpya zenye mikunjo ya dukani. Baada ya sala imamu akatuusia tupunguze mwendo barabarani. Mwendo! Mtu kafa akimtoa mwenzake kwenye moshi, sisi tunausiwa habari za magari.

Siku ya khitma, kisomo cha kumaliza matanga, Bi Rukia wa nyumba ya pili alinifuata uani nikinawa mikono. Mwanawe, Yusufu, ni mmoja wa wale waliotoweka. Yeye huwaambia watu yuko masomoni Sudan.

"Makiwa, mwanangu," akasema. Kisha akateremsha sauti. "Usinifiche. Karani gani atembeaye vile, kama askari? Nawe si dereva. Mimi na Bi Mwanasha twadanganyana siku zote, na kila mmoja ajua." Akanishika mkono. "Huko mlikokuwa. Hukumwona Yusufu wangu?"

Sauti nilizisikia, nyuso sikuziona. Angeweza kuwa yeye, angeweza kuwa yeyote. Kwa chuki niliyokuwa nayo nilitaka kumwambia ndiyo, nilimwona, na ndiye aliyemuua Hamadi. Nilitaka naye aumie kama mama mwenzake aliyemo ndani.

"Sikumwona, mama."

"Basi hamkumpiga," akasema, akafuta macho kwa ncha ya leso. "Alhamdulillahi."

Miaka imepita na Yusufu hajarudi. Bi Rukia bado anamngoja, na kila tukikutana hunishika mkono akaniombea dua kwa jibu lile nililompa. Sijamwambia kwamba Hamadi alipokata roho tulivimiminia risasi vile vichaka, mpaka hakuna aliyeitana tena.