Theluji ya Unterschrofen Iliyofunuliwa Mapema

Saa moja asubuhi, Vinzenz Thöni anapanda lundo la vumbi la mbao nyuma ya kilima cha kijiji chetu, Unterschrofen. Anachomeka fimbo ya chuma mpaka inagota, anaichomoa na kuiweka shavuni. Ni baridi. Anapiga hatua nne, anachomeka tena.

Chini ya vumbi hilo kuna theluji ya msimu uliopita, na Vinzenz, mwenye umri wa miaka 58, ndiye mtunzaji wake. Kila Machi huikusanya kwa mtambo mahali pasipofika jua, huifunika kwa vumbi la mbao, linalozuia joto, unene wa nusu mita, na kuiacha ilale kiangazi chote. Mwisho wa Novemba huifunua na kuitandaza kwenye mteremko ulio mbele ya kijiji, ili wageni wa kwanza wapate pa kuteleza kabla mbingu haijatoa chochote.

"Watu wanadhani kazi yangu ni theluji," anasema. "Kazi yangu ni kungoja tu, bwana. Hata kuku anayeatamia ananizidi shughuli."

Kwa kungoja huko kijiji humlipa euro 1,900 kwa mwezi, miezi mitano ya baridi. Kiangazi hukata majani ya ng'ombe na kufanya vibarua kwenye kiwanda cha kupasua magogo, ambako ndiko vumbi linakotoka.

Leo ni tarehe mbili Desemba, na lundo bado limefunikwa. Zimebaki siku sita. Lifti, ule mtambo wa kamba unaowavuta watelezaji kupanda mteremko, isipoanza kazi tarehe nane, sikukuu ya Bikira Maria inayofungua msimu wetu, halmashauri ya kijiji itaing'oa baada ya baridi na kuuza vyuma. Azimio limekwisha kutiwa saini. Vijiji vya juu vina mizinga ya kugeuza maji kuwa theluji na mabwawa ya kuilisha. Sisi tuna Vinzenz.

Kanuni ya kufunua ni moja, na kila mtu hapa anaijua: baridi kali ishike usiku tatu mfululizo. Ikishika, Vinzenz hupita mlango kwa mlango, na kesho yake kila nyumba hutoa mtu mmoja na koleo lake. Hakuna anayemuuliza kama kweli zimetimia tatu. Anayelala karibu na lundo ni yeye.

Mwaka jana zilitimia mbili.

Mkewe, Ottilie, alikuwa kitandani tangu Septemba. Kwa majira ishirini na sita ya baridi alisimama chini ya lifti hiyohiyo, akiwapa watelezaji ufito wa kushikilia wanapovutwa, mmoja baada ya mwingine, na kumkaripia kila aliyeegemea vibaya, awe mtoto, awe hakimu kutoka Munich. Daktari alimwita Vinzenz ukumbini na kumwambia asitegemee kwamba mkewe atafika Desemba. Dirisha la chumba chao linatazama mteremko.

Asubuhi ya tarehe kumi na nne Novemba, Vinzenz alitoka nje akaona ukingo wa mlima Kaltwand umesogea karibu, kana kwamba mtu angeweza kuugusa. Watu wa hapa wakiuona hivyo hujua upepo wa kusini uko njiani. Ni upepo wa joto, nasi huuita Föhn. Unakula theluji kuliko jua la Aprili. Aliuona, akajua. Akapita mlango kwa mlango akisema usiku tatu zimetimia.

Kesho yake walifunua. Alasiri mteremko ulikuwa mweupe. Usiku huo upepo ukashuka, na siku ya tatu hapakubaki hata cha kujaza ndoo. Maji yakimwagika hayazoleki, na yale yalikuwa yamekwenda mtoni.

Tarehe nane Desemba lifti haikufunguliwa. Theluji ya mbinguni ilikuja mwishoni mwa Januari, wageni wakiwa wamekwisha kwenda kwingine. Regina Patscheider, dada yake Ottilie, ana nyumba ya wageni ya vyumba kumi na vinne. Wageni wote walifuta nafasi zao, naye akamwachisha kazi mpishi aliyekaa naye miaka kumi na mmoja. Ottilie alizikwa tarehe ishirini na sita Novemba, na kwenye supu ya matanga shemeji hao wawili walikaa meza mbalimbali. Baada ya hapo Regina hakumsalimu. Kwenye kilabu Vinzenz akaitwa Bwana Upepo, na kuna waliokuwa wakimpulizia akipita. Sisi watu wa milimani ni wazito wa kusema, lakini kupuliza tunajua.

Hakujitetea. Kwa mwaka mzima aliwaacha waamini kwamba alikosea kuhesabu.

Oktoba hii kijiji kilikutana katika ukumbi wa kanisa kuamua nani atachagua siku. Vinzenz alisimama, kofia mkononi, akaomba kazi hiyo apewe mtu mwingine. Halafu, kwa sauti ambayo waliokaa nyuma walilazimika kuinama kuisikia, akasema kwamba hakukosea kuhesabu. Alidanganya. Alitaka mkewe aone mteremko mweupe mara moja tu, na alijua hatafika Desemba.

Mzee Eusebius Gstrein, seremala wa kijiji, ndiye aliyemjibu kwanza.

"Mjinga wee," alisema. "Ungetuambia. Tungebeba theluji kwa ndoo tukaimwaga chini ya dirisha lako."

Wachache walicheka, nao hawakucheka kwa ubaya. Ndipo Regina akainuka.

"Shemeji, kaa chini," alisema. "Ni mimi."

Alieleza polepole, akiitazama meza. Siku ile wote walikuwa kazini na makoleo, yeye akabaki na dada yake. Alimwinua kwa mito, akamgeuzia dirishani. Ottilie alitazama nje kwa muda mrefu, hakuutazama mteremko, aliitazama Kaltwand. Kisha akasema: "Amewahi mno. Kimbia kamwambie afunike. Upepo unakuja."

Regina hakwenda. Alidhani ni homa inayosema. Tena, alikiri, alimwona dada yake ameketi wima kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili, hakutaka kutoka mle chumbani. Baadaye alipoona alichopoteza, ikawa rahisi kumchukia Vinzenz kuliko kumwambia.

Vinzenz aliuliza jambo moja tu. "Saa ngapi?"

"Saa nne."

Saa nne lundo lilikuwa halijafunuliwa hata nusu. Lingeweza kurudishiwa vumbi kabla ya mchana. Vinzenz alivaa kofia akatoka, na waliokuwa karibu na mlango wanasema alikuwa akilia waziwazi, jambo ambalo hakulifanya hata makaburini.

Mkutano ulikataa kuchagua mtu mwingine. Mzee Gstrein alisema mtu aliyekwisha kuungua hahitaji kuonyeshwa moto.

Sasa Regina huja kwenye lundo kila asubuhi na chupa ya kahawa na mkate wa shayiri. Hawazungumzi sana. Mwishoni mwa Novemba baridi ilishika usiku mbili, ikaachia. Usiku wa kuamkia leo ikaanza upya. Mkuu wa halmashauri amepiga simu mara tatu akimsihi afunue leo, maana hesabu mpya ikikatika tena, huenda tarehe nane ikapita lundo likiwa bado limefunikwa na lifti ikaenda.

"Najua itakwenda," anasema Vinzenz. "Lakini Ottilie alisema funika. Ujumbe wake umenifikia baada ya mwaka. Nikijifanya kiziwi sasa, nitakuwa mtu wa namna gani?"

Usiku wa leo ukishika, na wa kesho, atapita mlango kwa mlango, na alfajiri ya tarehe tano watafunua. Regina amekubali kusimama chini ya lifti, mahali pa dada yake, ingawa hajawahi kumpa mtu ufito maishani mwake.

Na usiposhika, je?

Vinzenz anaitazama Kaltwand, ambayo leo imejificha kwenye ukungu wala haisemi lolote.

"Basi nitakwenda kaburini nimwambie lifti yake haipo," anasema. "Ataniuliza zilitimia usiku ngapi. Mara hii nitamwambia kweli."