Nyufa Juu ya Turubai la Shemeji

Shahada yangu ya jiografia imenifaa kwa jambo moja tu: nikitazama mteremko, najua kama unataka kushuka. Mhadhiri wetu alituchorea theluji ikiporomoka milimani na kufunika wasafiri, nasi tukanakili kwa bidii, watoto wa Usukumani ambao barafu tuliijua ya kwenye jokofu la soda.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, mke wangu alikwenda Geita kumuuguza dada yake, akaniachia agizo: nimpelekee unga mdogo wake wa kiume, anayechimba dhahabu upande wa Mwakitolyo. Nikatoka nyumbani Ngokolo, mjini, nimevaa viatu vya ngozi. Huo ndio usomi.

Nilimkuta shemeji na wenzake wanne wamefunga turubai lao la kulalia chini kabisa ya mlima wa kifusi, udongo na mawe yaliyotolewa mashimoni na kurundikwa hapo kwa miaka. Walipapenda kwa sababu upepo haufiki. Nikapanda juu kuangalia. Nyufa ndefu zilikuwa zimefuata ukingo, na moja ikameza kiatu changu hadi kifundoni. Chini, karibu na mafiga yao, maji ya rangi ya chai ya maziwa yalichuruzika kutoka kwenye kifusi. Vijiwe vilidondoka kimoja kimoja, bila kuguswa na mtu.

Nikashuka mbio. "Shemeji, hameni hapa. Huu mlima unakuja."

"Unakuja kutoka wapi? Si huu hapa?"

"Una nyufa juu."

"Nyufa? Ng'ombe uliotuletea kumchukua dada yetu walikuwa na nyufa nyingi kuliko huu mlima."

Wenzake wakacheka hadi mmoja akamwaga uji. Nikaendelea, mjinga mimi, kuwapa kanuni zangu za darasani: mvua ikinyesha msilale chini ya mteremko; mkilazimika kupita, piteni mmoja mmoja, wengine wakitazama juu.

"Mmoja mmoja! Kwani tunakwenda kuungama?"

Tatizo lenyewe ni hili: kwetu shemeji ni mtani. Nikimwambia kwamba yeye mwenyewe amekufa, atauliza jeneza nimemnunulia la rangi gani. Kwa miaka yote ya ndoa yangu hatujawahi kuambiana neno la kweli, na sasa nilikuwa nalo moja, tena la kuokoa watu watano, na halikuwa na pa kupitia.

Aliyebaki ni mama yake. Kwa bahati mbaya, mama yake ni mama mkwe wangu, na mama mkwe hatazamwi usoni wala hazungumzishwi ovyo. Anahitajika mtu wa kati, na siku hiyo hakuwapo hata jirani. Nikaenda kwake kijijini hivyo hivyo, nikasimama nje ya ua wake wa minyaa, nimegeuzia nyumba mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Karibu yangu alikuwa amefungwa mbuzi.

"Mbuzi," nikasema, "mwambie mama kwamba mwanawe amelala chini ya udongo uliopasuka."

"Mbuzi," ikajibu sauti kutoka ndani, "muulize mkwe, maji yanatokea chini yake?"

"Mwambie yanatokea."

"Ya matope au safi?"

Maswali mazuri kuliko yote niliyoulizwa tangu nipate shahada. Alikuwa amewahi kuona kisima cha kijijini kikibomoka. Nikamsikia akipiga simu na kumwambia mwanawe kwa Kisukuma, bila hata salamu: nimeota vibaya, hameni leo.

Walihama kabla jua halijatua.

Siku ya tatu, mvua ya asubuhi iliuangusha mlima. Mafiga hayakuonekana tena, wala njia ya kwenda kwenye karasha la kusagia mawe. Hakuna aliyeguswa. Nikaenda kuwapa pole, nikakuta machimbo yote yanazungumzia ndoto ya mama.

"Mama yetu ana macho ya ndani," shemeji akaniambia. "Nawe siku ile ulikuja kutuambia nini vile? Mambo ya udongo?"

Mimi nilikuwa natazama turubai lao. Walikuwa wamelirudisha, wakalifunga chini ya nusu ya mlima iliyobaki imesimama. Upepo, wakanieleza, haufiki.

Nikarudi kwenye ua wa minyaa, nikamweleza mbuzi walipohamia. Safari hii mama mkwe hakumtafuta mtu wa kati wala mnyama. "Mkwe," akasema, "siwezi kuota kila mvua ikinyesha. Nenda kawaambie mwenyewe."

Nilifika machimboni wakati wa chakula cha mchana. Shemeji akanyanyua mkono. "Karibu, mwizi wa dada zetu!"

Kila neno la utani ninalolijua lilinijia mdomoni, nikalimeza. Sikuketi. Sikunawa mikono. Nikasimama mbele yao, na vicheko vikaisha kimoja kimoja.

Shemeji akaweka tonge chini. "Shemeji, nani amekufa?"

"Bado," nikasema.

Akanitazama, akitafuta kicheko usoni pangu. Kisha akageuza shingo, na kwa mara ya kwanza akautazama mlima hadi juu. Alianza kufungua kamba za turubai, chakula kikiwa bado sahanini.