Baba Alipovaa Ukanda wa Maji

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na minne, nimekaa mlangoni kwangu huku Mbooni nikinywa chai kama bwana mkubwa. Leo unaniona na malori mawili na nyumba ya mawe, na shule niliachia darasa la sita. Najisifu, ndiyo, na nina haki. Lakini asubuhi hiyo sijisifu nayo.

Bibi yangu Nduku alikuwa amezaa kwa upasuaji, siku ya tisa tu. Daktari alisema asibebe kitu kizito, kidonda kitafunguka. Nyumbani maji yalikuwa yameisha. Na njia yetu ya mtoni ni mteremko hata punda anaukataa. Maji yanapandishwa mgongoni, ukanda wa ngozi umekazwa kwenye paji la uso. Hiyo ilikuwa kazi ya wanawake. Mwanamume akionekana na ukanda kichwani, soko lote la Kikima lingemcheka mpaka azeeke.

Nikamwambia Nduku angoje dada yangu, atakuja Jumamosi. Ilikuwa Jumatano. Alimlaza mtoto wetu Mwende, akachukua mtungi na ukanda, akaanza kuteremka ameshika tumbo. Mimi nikajimiminia chai nyingine.

Baba, ambaye boma lake lilipakana na langu, alimwona. Akamsimamisha kwa mbali, maana mkwe anaheshimiwa.

"Weka chini, mama. Rudi kwa mtoto."

Kisha mzee wangu akauvaa ule ukanda mwenyewe. Nikaruka.

"Baba, acha. Kwetu mwanamume habebi maji hivyo."

"Nani alikufundisha?"

"Ni wewe."

"Basi nilikufundisha nusu. Mama yako alipokuzaa, unafikiri nani alibeba maji ya kukuosha? Kunywa chai, itapoa."

Nilitaka kumpokea mtungi, akakataa. "Huu ni wangu. Tafuta wako."

Nikatafuta. Mtoni mama mmoja akaniambia, "Kijana, huo ukanda si kofia. Ushushe kidogo." Tukipanda, rafiki yangu Kyalo, amekaa nje ya duka, akanitania, "Mama Mwende, pole na kazi."

Baba hakusimama. "Mama Mwende amelala, anapona. Wako yuko wapi saa hii?"

Kyalo akaangalia viatu vyake. Mkewe alikuwa nyuma yetu, na mtungi.

Nilibeba maji wiki sita. Kidonda kilipona vizuri, na Nduku ndiye tuliyeanza naye biashara ya matunda iliyonipa haya yote.

Sasa wewe unayetaka kuoa, shika mila zetu. Peleka mbuzi kwa wakwe, heshimu wazee. Lakini kabla hujasema kazi fulani si ya mwanamume, angalia ni nani ataumia ukiiacha. Halafu ifanye mchana, watu wakikuona, ili na wengine wapate nguvu ya kuifanya.

Mungu akupe mgongo imara, bibi wa kucheka naye, na watoto wasioogopa kukuuliza kitu.