Tundu Nililotoboa Kwenye Boneti ya Baba

Nimekosa, ndugu zangu, na sina wa kumsingizia. Jina langu nisitirini, lakini kosa langu lisomeni lote.

Marehemu baba alituachia gari, Pijo ya zamani, nyeupe, ina umri kunishinda. Ndiyo iliyotutoa sisi watoto wote hospitali Nachingwea, ikatupeleka nyumbani Mbekenyera. Kila mtoto aliyebebwa humo, baba alifungua boneti akaandika jina lake kwa ndani, kwa rangi nyeusi na herufi zake za kupinda. Majina manne: dada zangu wawili, mimi, na Somoe, mdogo wetu aliyeishi siku tisa tu. Somoe hana hata picha.

Gari nilibaki nalo mimi, naishi Nachingwea peke yangu, nauza spea. Msimu wa korosho ulipoisha, harusi zikaanza, binamu yangu akaniomba nimbebee bibi harusi kule Ruangwa. Hapo ndipo sifa ziliponipanda kichwani! Vijana wa kijiweni walikuwa wakinicheka, "Braza, hilo gari la mzee bado unatembelea?" Nikaagiza kutoka Dar ile pua ya faiba inayokaa juu ya boneti, gari lionekane la mashindano. Kazi haina. Mbwembwe tu!

Ili ikae, lazima boneti itobolewe katikati. Fundi akaing'oa, akaipindua chini, akachora duara kwa chaki. Akasita.

"Bosi, hapa pana majina. Tukate?"

Jamani, niliona! Sitaki kudanganya. Duara lilimeza jina la Somoe lote, likagusa herufi mbili za jina langu. Nikamwambia asogeze vidole viwili, langu lisiguswe.

"Na hili jingine?"

"Kata."

Wallahi, ndivyo nilivyosema. Ule mlio wa grenda mpaka leo nausikia.

Harusini nilipigwa picha mpaka nikachoka. Kesho yake nikapitia Mbekenyera nimwoneshe mama. Mama ana kawaida yake, nikifika tu, hata salamu hazijaisha, husema, "Fungua nitazame injini." Miaka yote nilidhani ananitania, mama na injini wapi na wapi? Siku hiyo akafuta mikono kwenye kanga, akainama, akapapasa kwa ndani. Vidole vikagota kwenye faiba.

"Somoe yuko wapi?"

Akapapasa tena pembeni.

"Wewe upo," akasema taratibu. Akaingia ndani.

Yarabi! Nikarudi mbio kwa fundi. Kile kipande kilishaondoka na wa chuma chakavu. Nikanunua rangi nyeusi, nikaandika Somoe kwenye faiba kwa mkono wangu, nikaziiga zile herufi za kupinda. Nikampelekea mama, akatazama mara moja tu. "Huyu hakuandikwa na baba yake."

Hajanitukana, hajanilaani. Bora angenitukana! Siku hizi akiwa na safari ya Ruangwa anapanda bodaboda, vumbi lote lile, na gari la mumewe lipo. Nikimpigia simu anauliza kama mvua imenyesha huku, kisha, "Haya, mwanangu," anakata. Dada zangu nao hawaji. Wale wa kijiweni waliisifia pua wiki mbili, wakahamia kwenye pikipiki ya mtu mwingine. Nimelikoroga, nalinywa peke yangu.

Wewe uliyeachiwa kitu na mzee wako, gari, nyumba, hata kabati bovu, usilete ujuaji! Kabla hujakata, muulize mama yako huwa anatazama wapi. Muulize angali anakujibu.

Mimi kila asubuhi nafungua boneti nipime oili. Jina langu lipo palepale, zima, halina hata mkwaruzo. Nalisoma, nafunga, naondoka na viti vitupu.