Pikipiki Aliyoisubiri Miaka Ishirini na Tisa

Saa mbili asubuhi, fundi amepiga goti mbele ya gurudumu lililoning'inizwa. Anagonga spoki moja baada ya nyingine kwa bisibisi huku ametega sikio. Thelathini na mbili zinatoa mlio mwembamba, nne zimenuna.

"Rimu itanyooka," anasema. "Imebonyea, haijapasuka."

Ana umri wa miaka sitini na mitatu, na arobaini kati ya hiyo ameimaliza katika karakana hii ya mabati. Wateja humwita Kipimo, kwa kuwa hakubali neno kabla ya kulipima.

Pikipiki hii si ya mteja. Ndiyo aliyompakia mkewe walipooana, kisha akaiuza ili mama yake mzazi atibiwe. Hajutii, anasema. Hata hivyo, kwa miaka ishirini na tisa, kila ilipopita ya aina ile aligeuza shingo kusoma namba. Mwezi uliopita aliikuta kwa muuza vyuma chakavu, imegongwa mbele.

Sasa ni zamu ya foku, ile inayoshika gurudumu la mbele. Anachomoa mabomba yake mawili na kuyaviringisha juu ya kioo. Mwanga unapenya chini yake: yamepinda. Hilo lina dawa. Lakini anapoyafuta kwa mafuta ya taa, inajitokeza rangi ya buluu. Yupo aliyewahi kuyanyoosha kwa moto.

"Chuma cha foku kikipikwa hivi, kimekufa," anaeleza. "Kinasimama tu. Siku ukikanyaga breki, kinakatika."

Mkewe, mwalimu mstaafu, amesimama mlangoni na birika la chai. Anauliza kama hayawezi kuwafikisha japo kwenye kona na kurudi.

"Hata kwenye kona hayafiki, mama."

"Kona yenyewe naiona kutoka hapa, baba. Tutaangukia wapi?"

Fundi hacheki. Sheria yake ni moja: foku iliyopikwa hukatwa siku hiyohiyo, kwa mkono wa aliyeikataa, isije ikapakwa rangi na kuuzwa. Amewakatia wengi, wakamnunia. Leo angeyarudisha mahali pake, nani angejua? Anabana bomba la kwanza kwenye jiriwa, anachukua msumeno. Kwenye la pili anasimama kidogo, anafuta uso, anaendelea.

Mkereza vyuma wa mtaa wa pili ameahidi kumtengenezea mapya kwa chuma kinachofaa, baada ya miezi minne.

"Mimi nimezoea kusubiri," anasema fundi. "Magoti ya mama huyu ndiyo yenye haraka. Mwaka jana alipanda ngazi bila kushikwa."

Jioni, pikipiki imesimamishwa juu ya matofali, haina gurudumu la mbele. Mwalimu anaomba mkono, anajivuta taratibu hadi kiti cha nyuma. Mumewe anakaa mbele, uso ukiutazama ukuta wa mabati.

"Shika vizuri," anamwambia.

"Nimeshashika kitambo."