Mkono wa Wankyo

Wankyo wa Butiama alikuwa na ugonjwa ambao hospitali hawana jina lake. Ukimshika kifundo cha mkono tu, magoti yanalegea, anakufuata. Mbuzi mwenyewe hukataa kamba. Yeye alikuwa hakataagi.

Aliupata kisimani, ana miaka kumi na sita. Pastory alikuja na ndugu zake wawili, akamkamata mkono, wakamburuta mpaka kwao, eti ndoa. Miaka saba akaburutwa hivyohivyo, atoke jikoni, atoke kanisani, atoke kwa mama yake. Mwaka ule sabuni imekuwa ya kupanga foleni, akatoroka mpaka Bunda, akapata kibarua kiwanda cha pamba. Lakini alijua: siku Pastory akiugusa ule mkono, amerudi. Hilo tu ndilo alilokuwa anaogopa duniani.

Nesi wa kiwanda, Euphrasia, mama mnene, mdomo kama wembe, alikuwa anakusanya wanawake wa kuvuta kamba Mei Mosi. Akamshika Wankyo mkono amwingize kwenye mstari. Wankyo akalainika kama mlenda.

"We dada! Nani amekufanya hivi?"

Akamweleza. Euphrasia hata pole hakumpa. Akampa kamba.

"Mikono waachie wapumbavu. Kamba inavutwa kwa kisigino na tako. Chimbia kisigino! Kaa kama unakalia kigoda. Pumua mpaka tumboni. Nikipiga ukelele wa hiiii, toa pumzi, rudi nyuma."

Wiki ya kwanza kamba ikitikisika anaachia, anatetemeka, machozi yanamwagika.

"Huyu tumemleta awe pambo?" wenzake wakamcheka.

"Mwacheni atetemeke! Hofu inatoka hiyo. Nyie yenu mmeifungia wapi?"

Wakarudi kushika kamba, maana na wao waume zao tunawajua.

Wiki ya tatu Wankyo alianguka matakoni, akacheka mpaka akashika mbavu. Ya tano wakamweka mwisho wa kamba, pale anapokaa mwenye kubeba wote.

Mei Mosi, Bunda yote uwanjani! Nusu fainali, kina Wankyo wakawavuta wanawake wa Kisorya mpaka wakalala kifudifudi. Vigelegele! Vumbi! Wankyo anarukaruka kama ndama. Mara Pastory huyo, anapasua watu, nyuma yake Mzee Bernado wa kanisa kaletwa kama mhuri.

"Twende nyumbani." Akaukamata mkono.

Magoti yakaanza ile kazi yao. Wankyo akaona uwanja unazunguka. Akaburutwa hatua moja, ya pili. Ya tatu kisigino kikazama kwenye udongo, chenyewe, hakuna aliyekiambia. Pumzi ikamtoka: hiiii! Akakaa.

Pastory alizoea kuvuta kitu kinachokuja. Safari hii aliyekuja ni yeye, magoti chini, pua kwenye vumbi.

"Vuta tena, shemeji!" wanawake wakapasuka. "Kale kwanza ugali!"

Akavuta tena, mjinga. Akaanguka tena. Watu wakashangilia kama goli.

Mzee Bernado akakohoa. "Binti, Bwana anatuambia tusamehe."

"Mzee, siku nikimsamehe nitakuletea taarifa mwenyewe," Wankyo akasema, anajifunga kanga upya kiunoni. "Sasa hivi nipisheni. Ni fainali, na Musoma wameshashika kamba."