Siku Tuliyomtisha Bibi kwa Boga

Mwezi wa kumi uliopita ujumbe uliingia kwenye kundi la wazazi wa darasa la binti yangu, hapa Mbeya. Mwalimu alitukumbusha kwamba Ijumaa ya wiki ijayo kuna sherehe ya Halowini, kila mtoto aje na vazi la kutisha pamoja na pambo moja lililotengenezwa nyumbani. Nyumbani, akasisitiza, si dukani. Wazazi wenzangu wakaanza. Mmoja aliuliza kama buibui wa plastiki anakubalika. Mwingine akataka kujua sisi na mambo hayo ya Wazungu tumekutana wapi. Mimi nilikaa na simu yangu nikacheka peke yangu, mpaka binti yangu akaja kuuliza kulikoni. Nilikuwa nimelikumbuka jiko la bibi.

Maana sherehe ya kutishana, rafiki yangu, sisi tuliifanya Rungwe kabla sijawahi kulisikia hilo jina lake la kigeni. Tulifanya kwa magome ya migomba na maboga, na tulifanya mchana, kwa sababu mwezi wa sita kule hauhitaji usiku. Ukungu unashuka kutoka mlimani tangu asubuhi, unakaa juu ya mashamba ya chai, na kufikia saa tisa alasiri humwoni hata mbuzi aliyefungwa mlangoni. Unamsikia tu akikohoa.

Bibi aliishi mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Tukuyu mjini. Likizo ya mwezi wa sita wajukuu wote tulimwagwa kwake kama mahindi kwenye mkeka. Nguo hazikauki, kwa hiyo zilianikwa juu ya moto, na sisi sote tulinuka moshi mpaka shule zifunguliwe. Asubuhi chai ya maziwa na viazi vitamu vya kuchemsha, mchana ndizi zilizopikwa na maharage, jioni ndizi tena. Na katikati, boga. Boga la kuchemsha, boga na karanga, majani ya boga, mbegu za boga zilizokaangwa kwa chumvi. Bibi alikuwa akitutazama tunavyogombania mabakuli, anatikisa kichwa na kusema ukipenda boga penda na ua lake. Boga walikuwa watoto wake, ua ndio sisi.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mkubwa kuliko wajukuu wote waliokuwepo. Cheo hicho kilinipa haki ya kuwatuma wenzangu, na wajibu wa kuchapwa kwa niaba yao. Siku ya nne ya ukungu tulikuwa tumeshagombana juu ya kila kitu, hadi nani akalie gogo gani karibu na moto. Bibi akachoka. Alikuwa anajiandaa kwenda kwenye kikao cha akina mama kanisani. Akajifunga kitenge chake, akasimama mlangoni, akatupa kazi. Tuandae sherehe ya kutishana. Akirudi saa kumi, tumtishe yeye. Tukimweza anachinja jogoo, tukishindwa tutamenya ndizi wiki nzima bila kununa.

Jogoo kwetu lilikuwa jambo la Krismasi. Kelele zikafa hapohapo, kila mtu akaanza kuwaza namna ya kutisha.

Lakini bibi alikuwa na masharti mawili. La kwanza, hakuna kuigiza marehemu. Waliolala waacheni walale, alisema. La pili aliniambia mimi, kwa kuninyooshea kidole: maboga tuchukue tunavyotaka, ila lile lenye majivu tusiliguse, kwa sababu ni la mbegu.

Hapa inabidi nikueleze, ili uione dhambi yangu sawasawa. Kila mwaka bibi alichagua boga moja lililokomaa kuliko mengine, akalizungushia kikonyo chake mstari wa majivu yaliyokorogwa na maji, kisha akaliweka kwenye dari ya mianzi juu ya jiko lisubiri mvua za kupandia. Mbegu ile alipewa na mama yake siku alipoolewa, akaja nayo imefungwa kwenye pindo la nguo. Lilikuwa boga la kijivu, lenye vipele mgongoni kama chura, na ndani nyama yake ilikuwa kavu na tamu kushinda kiazi. Pale bondeni hakuna mwingine aliyekuwa nalo. Utauliza kwa nini aliweka moja tu. Aliweka moja kwa sababu mengine ya aina hiyo tulikuwa tumeshayala.

Basi tukafanya kazi, siku hiyo hakuna aliyetumwa mara mbili. Binamu zangu walikwenda migombani wakarudi na marundo ya magome makavu, tukayachana na kuyafunga kiunoni, shingoni na mikononi, mtu akitembea anachakarika mwili mzima. Boksi la sabuni likatoa nyuso tatu za chui zenye madoa ya mkaa. Ndevu tulizipata kwenye mahindi. Maganda ya mayai, ambayo bibi alikuwa anayahifadhi kwa ajili ya kuku, tuliyachora macho na kuyatundika kwenye uzi wa katani kutoka ukuta hadi ukuta, yakawa yanatutazama na kuyumba kila mlango ukifunguliwa. Gundi ilikuwa uji mzito wa ngano. Majani ya gugu la mtoni tukayachomeka mlangoni, ukiingia yanakupapasa usoni yakiwa na umande.

Kisha maboga. Nililiteremsha lile la alama kwanza, nikaliweka pembeni karibu na mlango, nikajisifu moyoni kwa utii wangu. Mengine nikayapanga chini. Nikawaambia wadogo wayachore macho na meno, mimi nikatoka kuchota maji. Wakatafuta rangi nyeupe. Sasa jikoni kwa bibi rangi nyeupe ingekuwa nini? Niliporudi na ndoo kichwani, maboga yote yalikuwa yananichekea kwa meno ya majivu, yamepangwa safi ukutani, yamepakwa kuanzia kikonyo hadi kitako. Lile la mlangoni nalo walikuwa wamelihurumia kukaa peke yake, wakalipeleka kwa wenzake.

Ningeweza kusema sijui ni lipi. Wangenicheka tu, basi. Lakini mkubwa hasemi sijui mbele ya wadogo zake, na moshi ulikuwa mwingi, na kila boga lilikuwa la kijivu kwa majivu mazito yaliyoficha hata vipele. Nikayagonga moja baada ya jingine kwa kidole kama mtaalamu, nikachagua lililolia vizuri zaidi, lenye ganda gumu la kuchongeka. Umeshajua. Boga linalolia vizuri kuliko yote ndilo lililokomaa kuliko yote.

Tulilikata kofia, tukalitoa matumbo, tukalitoboa macho mawili na mdomo mpana. Mbegu nikaziosha nikazitia kwenye kikaango na chumvi. Mdogo wangu, mtoto wa miaka mitano, alikuwa amejificha nyuma ya rundo la magome kwa sababu chui walimwogopesha, na kilio chake kilikuwa kinatuharibia sherehe. Nikampa sindano, uzi na konzi ya mbegu mbichi zikiwa bado zinateleza, nikamwambia ajitungie shanga atulie. Akatulia. Tukamsahau.

Saa kumi ukungu ulikuwa umeingia hadi ndani. Tukawasha mshumaa ndani ya boga, likawaka macho na mdomo, nasi tukajibanza gizani. Mlango ukalia, magugu yakampapasa bibi, chui watatu wakamrukia wakinguruma. Bibi akawaamkia. Akamuuliza chui wa kwanza habari za huko msituni, akamuuliza wa pili kama ameshakula, akamwambia wa tatu ndevu zake zinaanguka. Akayapita macho ya mayai huku akisema kumbe ndiyo maana kuku wake hawapati maganda. Nikaanza kuziona ndizi za wiki nzima mbele yangu.

Halafu akaliona boga. Alilisifia kwanza, akasema lina meno mazuri kuliko ya babu. Akalisogelea. Akainama akakishika kile kikonyo kwenye kofia yake, akakizungusha kwenye vidole taratibu. Akatazama kikaango, ambamo mbegu zilikuwa zinalia pa, pa, pa. Akakaa kwenye kigoda.

Herufi z haikuwahi kufika kwenye Kiswahili cha bibi. "Mbegu sangu," alisema, "siko wapi?"

Nilimjibu kwamba ziko kikaangoni, na nyingine tumeshazila.

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi niliusubiri mshindo huo nikiwa na magome yangu shingoni. Ningefurahi kuchapwa. Bibi hakunyanyua mkono. Aliutazama moto tu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliuona uso wa bibi ukiwa wa mtu mwenye hofu. Nilimuumiza, na nililijua hilo kabla sijajua maneno ya kulisemea.

Ndipo rundo la magome likachakarika. Mdogo wangu akatoka, shanga zake zimemzunguka shingo mara mbili na kumfika kitovuni. Akapita katikati ya chui bila kuwaangalia, akasimama mbele ya bibi.

"Mimi sikula," alisema.

Bibi aliuvua ule uzi polepole, akausogeza kwenye mdomo wa boga apate mwanga. Akazikagua mbegu moja moja. Sisi tulikuwa tunapumua kwa zamu. Mwisho akaniita, akanionyesha. Mbegu ya boga ina ncha na ina upande mpana. Mzizi hutokea kwenye ncha. Upande mpana ni chakula chake tu cha kuanzia safari. Na mtoto yule, kwa kuwa ncha ilikuwa inamponyoka vidoleni, alikuwa ametoboa kila mbegu upande mpana.

Akamvisha shanga zake upya. "Mtasameni visuri huyu," alisema. "Huyu ndiye boga la mwakani." Kisha akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akavuta pumzi, akatutazama chui wake mmoja mmoja. "Lakini nimeogopa. Kweli nimeogopa. Haya, mkamateni jogoo."

Mbio zilizofuata sitazisahau. Jogoo aliingia kwenye ukungu nasi nyuma yake, magome yanapeperuka, nyuso za chui zimepinda. Jirani yetu, mama aliyekuwa akichuma chai, alikuwa anarudi nyumbani na kapu lake. Akaona jogoo anapita, halafu chui watatu wenye miguu ya binadamu. Kapu tulilikuta njiani. Yeye tulimkuta kwake, amejifungia, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya juu sana. Jioni hiyo bibi alimwita akampa paja, kwa maelezo kwamba naye ametishika halali.

Mbegu zile zilining'inia kwenye msumari juu ya jiko mpaka mvua ziliposhuka. Bibi alizipanda mwenyewe, na mdogo wangu, tulipokuja Krismasi, alinivuta mkono kunionyesha. Majani mawili ya kwanza ya kila mche yalikuwa bado yapo chini ya mengine, yamezeeka, na kila moja lina tundu la sindano. Tangu hapo bibi hakuweka tena mbegu ndani ya boga. Kila mwezi wa sita tulifanya sherehe, tukachonga boga, na kazi ya kutunga shanga ikawa ya mtoto mdogo kuliko wote.

Bibi alifariki nikiwa chuoni Dar es Salaam. Jiko lake likabomolewa, ikajengwa nyumba ya matofali, nzuri tu, ina jiko la gesi. Tulikuja kuzika, tukagawana vitenge na vyungu, na hakuna aliyeuliza ule uzi uliokuwa kwenye msumari umekwenda wapi. Hata mimi, niliyejua, sikuuliza. Akiba haiozi, lakini inasahaulika, na hilo linaniuma kuliko boga nililolikata nikiwa mtoto.

Kwa hiyo ujumbe wa mwalimu ulipokuja, nilimchukua binti yangu Jumamosi tukapanda kosta kwenda sokoni Tukuyu. Mwezi wa kumi maboga yamekwisha, nilikuwa nimelisahau hilo. Tulizunguka sana mpaka tukamkuta mama mmoja muuza viazi aliyekaa na boga moja nyuma yake, amelifunika na gunia. La kijani, laini, si la bibi hata kidogo. Akasema hilo ameliweka la mbegu. Nikamweleza shida yangu. Alicheka sana aliposikia boga linachongwa meno shuleni, akakubali kuniuzia kwa sharti moja, kwamba mbegu zirudi.

Tulichonga mezani, mimi na binti yangu, na mbegu zote akazitunga kwenye uzi. Nilimwonyesha pa kupitisha sindano, huku nikimsimulia kisa chote cha bibi. Ijumaa alikwenda shule na boga lake, amevaa magome ya mgomba na shanga zake, katikati ya wenzake wenye pembe za plastiki. Mwalimu alimuuliza yeye ni zimwi gani. Akajibu kwamba yeye ni boga la mwakani.

Jumamosi tukarudi sokoni kutimiza ahadi. Yule mama alipokea ule uzi, akacheka kuona mbegu zake zimekuwa pambo. Halafu akakaza macho. Akaisogeza mbegu moja karibu na uso, akaigeuza, akagusa ncha yake kwa kucha, akagusa lile tundu.

"Nani kakufundisha kutoboa upande huu?" alimuuliza binti yangu.

Nilitaka kujibu mimi, mwenyewe akaniwahi. Binti yangu hakuwahi kumwona bibi, hana hata picha yake, hajui hata sauti yake ilivyokuwa.

"Bibi," alisema.